Kodi Tatu na Vidole Viwili

Jumatatu, 4 Machi
Nimeanza gitaa. Miaka hamsini na miwili — wenzangu wa rika hili wanaanza dawa za presha. Mwalimu wangu ni kinyozi, jirani wa kibanda changu cha kutengeneza saa. Anasema kwa kodi tatu tu, yaani mikao mitatu ya vidole kwenye nyuzi, G, C na D, mtu anapiga nyimbo mia. Mke wangu akauliza: na hizo mia zote utazipigia humu ndani? Ncha za vidole zinawaka moto.

Jumatano, 6 Machi
G naikamata. C naikamata nikiikodolea macho. D inanikimbia. Kila nikihama kodi, wimbo unasimama kunisubiri! Kinyozi kasema nisijali: vidole vitakufa ganzi kwanza, halafu vitaota sugu, hapo ndipo nitakuwa mpigaji.

Jumamosi, 9 Machi
Ganzi imekuja! Mkono wa kushoto, kidole cha shahada na cha kati. Nikajisifu mezani. Mke wangu akanifinya vyote viwili, nikaendelea kutafuna. Alicheka hadi machozi. Eti mzee, umeshakuwa nyota! Na leo wimbo mzima, mwanzo mwisho. Mwendo wa konokono, lakini umefika.

Jumanne, 12 Machi
Nilikuwa nafungua saa ya mteja. Kibano kilianguka chini — mimi nikaendelea kukishika. Nilikuwa nimebana hewa! Mpaka mteja aliponionyesha sakafuni.
Mkono wa kulia huo. Wa kulia haubonyezi nyuzi.
Vidole vilevile viwili. Nimejiambia ni baridi. Kwa joto hili!

Jumatano, 13 Machi
Nimemwuliza kinyozi, kimzaha mzaha, kama mkono wa kulia nao hufa ganzi. Akaacha kunoa wembe. Kaka, akasema, huo hapana. Basi. Hakunitania tena, na yule hunitania hata nikikohoa. Nikaogopa maradufu.
Saa sikugusa hata moja. Nimewaambia wateja macho yanauma. Fundi saa asiye na vidole ni nani? Mlinzi wa kibanda.
Nyumbani sijasema kitu. Nimepiga D kwa nguvu ili mke wangu asikie kila kitu ni salama. Vifungo vya shati vimenishinda. Nimevaa fulana.

Alhamisi, 14 Machi, benchi la hospitali
Mwandiko huu kama wa kuku, najua.
Asubuhi mke wangu alinikuta napigana na kifungo cha suruali. Alikifunga yeye, akasema twende.
Daktari ni binti mdogo, ananiita baba. Akataka nifumbe macho, nimtajie kila kidole anachochoma kwa pini. Nikafumba. Nikasubiri. Nikaona anachelewa, nikamwambia: anza basi mwanangu, mimi si mwoga kiasi hicho.
Nikafumbua macho. Tone la damu kidoleni. Mke wangu alikuwa anatazama dirishani.
Wakaniomba nisubiri nje; mke wangu wakabaki naye. Nimejaribu kupanga G gotini. Vidole vinakwenda vyenyewe, vinajua pa kukaa. Ila mimi sivisikii vikifika.
Mlango umefunguka. Anatoka. Ameubeba mfuko wangu pamoja na wake. Anasema hatuendi nyumbani bado, kuna chumba kingine, cha kulazwa, humuhumu ndani, ghorofa ya juu. Anasema kwa upole. Upole! Miaka ishirini na sita ya kuniambia nyanyuka wewe, na leo ananinyooshea mkono —