Maji ya Chumvi ya Mama Immah

Jumatatu, 8 Juni 2026

Baridi. Mabati ya darasa yanatoa jasho kwa ndani, linadondoka hadi kwa vitabu. Form Four wamejikunja kama vifaranga, mikono imepotelea ndani ya sweta. Leo nimerudia utando wa seli — tena! Nikaeleza: unapitisha hiki, unazuia kile, maji yanakwenda kule kwenye chumvi au sukari nyingi, ndiyo osmosisi. Wakanitazama tu. Nikauliza nani ana swali. Mmoja akapiga miayo. Mtu angepita nje angedhani nawazika.

Mtihani wa kitaifa ni Novemba na maabara yetu ni kabati moja lenye hadubini iliyopasuka lenzi. Mwalimu mkuu, Bwana Kagiri, anasema nitumie ubunifu. Nimetembea kutoka Kibera hadi nyumbani Gatina nikiwaza ubunifu. Keshokutwa nitabeba waru, viazi vya kawaida, kutoka jikoni kwangu.

Jumatano, 10 Juni 2026

Waru zimefanya kazi! Kipande kimoja kwenye maji matupu, kingine kwenye maji ya chumvi nyingi. Kufikia mwisho wa kipindi cha kwanza kile cha maji matupu kimekakamaa, ukikikunja kinavunjika. Cha chumvi kimelegea na kunywea. Nikakipitisha mkono kwa mkono. Kwa mara ya kwanza mwaka huu nimeona vichwa vimeinuka.

Halafu Immaculate akainua mkono. Huyu ni yule wa karibu na mlango, anayechelewa kila asubuhi kwa sababu humwosha mama yake kwanza. Wanaishi kijiji cha Raila, humu Kibera, wawili tu. Mama, Filister, alikuwa akifua nguo kwa nyumba za watu mpaka miguu ikamvimba, sasa hata viatu haviingii. Wamezunguka kwa maduka ya dawa tu, wakipewa tembe hii na ile. Akauliza: "Madam, na mtu akivimba miguu, hayo maji yako ndani ya cells ama nje?"

Swali zuri mno. Na sikuwa na jibu! Kengele ilikuwa imelia, Muia wa kemia amesimama mlangoni na sanduku lake, ananikazia macho. Nikasema maji ni maji, yatafuata chumvi popote ilipo. Darasa likacheka. Nikawaambia wampigie makofi, kwamba kuuliza si ujinga. Akaandika jibu langu. Niliona mkono wake ukiandika, nikafurahi.

Ijumaa, 12 Juni 2026

Wageni wa kanisa linalotusaidia. Kagiri alivaa suti na kunishika kiwiko: ile ya waru, Madam, ile ya waru. Nikamwachia Immaculate aonyeshe. Ana sauti ndogo lakini haitetemeki. Alipomaliza, akaongeza kitu ambacho hatukuwa tumepanga. Kwamba kila jioni anamwekea mama yake miguu ndani ya maji moto yenye chumvi, na mama anasema anahisi wepesi. Kwamba osmosisi iko nyumbani kwao.

Mgeni mmoja alipangusa macho. Kagiri akaninong'oneza kwamba hiyo ndiyo elimu. Nami nikajiambia, miguu kwenye maji ya chumvi — hata cucu wangu, bibi yangu mzee, alifanya hivyo maisha yake yote, haina madhara. Nikapiga makofi kuliko wote. Niseme ukweli, nilijisikia mwalimu. Ni hisia ambayo sikuwa nimeionja kwa muda mrefu, na nikarudi nyumbani nayo kama mtu aliyebeba keki, naogopa isigongwe.

Jumanne, 16 Juni 2026

Immaculate hayuko tangu jana. Rafiki yake anasema mama alizidiwa Jumapili akapelekwa hospitali. Kagiri ameomba shule nzima imwombee. Mvua nyepesi siku nzima, ile isiyonyesha wala kuacha.

Jumatano, 17 Juni 2026

Nimetoka hospitali. Sijui niandike vipi.

Filister yuko wodi ya wanawake, ameketi kwa sababu akilala hapumui. Midomo ina rangi ya majivu. Muuguzi aliniambia moyo umechoka, maji yamepanda hadi mapafuni, watamweka siku kadhaa. Alinishika mkono, huyo mama, akashukuru sana kwa kumfunza mtoto wake. Pumzi inakatika katikati ya shukrani.

Immaculate akanivuta hadi kwenye korido. Alikuwa na macho makavu, na hilo ndilo lililonitisha. Akasema daktari aliuliza kama mama anakula chumvi nyingi, naye akanyamaza. Nikamuuliza alinyamaza kwa nini.

Akasema miguu pekee ilikuwa polepole. Akawaza: kama chumvi ikiwa nje ya waru inatoa maji, na tumbo liko katikati ya mwili, basi chumvi ikiingia tumboni itavuta maji yote kutoka miguuni, halafu yatoke na choo. Kikombe cha maji ya chumvi asubuhi, kingine jioni. Alionja yeye kwanza ahakikishe si kali sana. Mama alikunywa yote. Alianza Ijumaa, baada ya wageni.

Alipanga hoja moja juu ya nyingine, vizuri, kama nilivyomfundisha. Ningempa alama zote. Na kila hatua ilikuwa inampeleka mama yake pabaya.

Akaniuliza, "Madam, ni chumvi? Ni mimi?"

Nikasema hapana. Nikasema si chumvi, si wewe, ni moyo tu, moyo ulikuwa mgonjwa kitambo. Ulimi hauna mfupa. Ndipo machozi yakamtoka. Akaniegemea na uzito wake wote, nami nikasimama hapo nikimpapasa mgongo, mwongo mkubwa aliyevaa koti la kanisani.

Alhamisi, 18 Juni 2026

Nimesoma. Ilibidi nisome sasa, baada ya kufundisha! Maji ya miguu iliyovimba yako nje ya seli. Chumvi mtu akiila inaingia damuni, inabaki mwilini, na inayashikilia maji papo hapo. Inaongeza mengine, maana inaleta kiu. Kipande cha waru hakina moyo wala figo. Sentensi moja tu ningesema Jumatano ile: sijui, Immaculate, nitakuangalizia. Sentensi fupi hivyo, nikaona haya kuitamka mbele ya Muia na sanduku lake.

Lazima nimwambie. Lakini si wodini, mama akisikiliza. Na kule hakuna atakayempa chumvi, kwa hivyo hakuna haraka. Hivyo ndivyo ninavyojiambia.

Jumapili, 21 Juni 2026

Kanisani. Mchungaji aliuliza nani ana shukrani. Kagiri aliniangalia kutoka viti vya mbele, akitaka nisimame nieleze ile ya wageni. Nikainama kufunga kamba za viatu. Viatu vyangu havina kamba.

Jumatatu, 22 Juni 2026

Immaculate amerudi shuleni. Anatoka hospitali asubuhi, anarudi jioni. Wakati wa chakula nilimwita nje, nyuma ya choo ambako hakuna masikio. Nilikuwa nimepanga maneno. Akanitangulia: anasema sasa analala, kwamba kabla ya nilichomwambia kwenye korido hakuwa akilala kabisa. Akataka kujua kama anaweza kusomea uuguzi kwa alama zake.

Nikamwambia anaweza.

Jioni nimewapa jaribio dogo. Karatasi yake ndiyo bora darasani. Sijaweza kuweka alama ya tiki, kalamu inakataa.

Jumamosi, 27 Juni 2026

Naandika nimeketi kwenye jiwe mbele ya mlango wa kina Immaculate, Raila. Daftari lilikuwa ndani ya mkoba. Heri mikono ishike kalamu.

Asubuhi nilikuwa nafua, simu iko ndani kwa chaji. Nilipoishika saa sita nikakuta ujumbe wake:

"Madam mum alitoka jana. Ako poa kidogo. Doctor alisema asile chumvi kwa chakula na maji kidogo tu. Chakula nampikia bila. Ile ya kunywa nimeanza tena leo asubuhi juu ya vile ulisema si hiyo ilimfanyia hivo na miguu bado imefura. Doctor alituona dakika mbili, wewe umenifunza miaka nne. God bless u."

Nikapiga. Haipatikani. Nikapiga mpaka sikio likawa moto. Nikachukua bodaboda na mikono ina sabuni.

Mlango una kufuli kwa nje. Jirani, mama mmoja anayeitwa Ndululu, anauza makaa, anasema Immaculate ameenda kuteka maji. Bomba la hapa limekauka, kwa hivyo kaenda hadi Mashimoni, na foleni ya huko ni ndefu. Humfungia mama kwa sababu sufuria zao ziliibwa akiwa hospitali, na mama hawezi kuinuka amfukuze mtu. Ndululu ameenda kumtafuta. Mumewe ameenda kuazima nyundo.

Nimebaki mimi na mabati. Nikabisha, nikaita Mama Immah. Nikasikia kitanda kikilia.

"Ni mwalimu?" Akanitambua kwa sauti! Akaomba msamaha kwamba hawezi kunifungulia, kwamba mgeni amekaa nje kama mkopeshaji. Alijaribu kucheka. Kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi chenye maji ndani yake, nilikisikia kupitia mabati.

Nikamuuliza kama alikunywa ile ya asubuhi. Akasema aliimaliza, ingawa ilitaka kurudi, maana mtoto alisimama pale akimwangalia na hakutaka kumvunja moyo. Sasa ana kiu mbaya. Maji ya nyumba yamekwisha, yaliyopo ni kikombe cha jioni tu, kiko hapo kando ya kitanda. Akauliza kama ni vibaya akikinywa mapema.

Nikasema usikinywe. Nikapaza sauti hadi watu wakageuka. Usikinywe, mama, kimwage.

Akauliza kwa nini, si mimi niliyesema?

Nikaweka mdomo kwenye ufa wa mlango. Nikamwambia yote. Kwamba chumvi ndiyo iliyomjaza maji kifuani. Kwamba nilijibu swali nisilolijua. Kwamba mtoto aliniuliza waziwazi nami nikamdanganya. Kuanzia mwanzo hadi mwisho, kupitia ufa, na shavu langu kwenye kutu.

 Nilisikia pumzi zake tu, fupi fupi. Halafu nikasikia maji yakimwagika sakafuni, polepole, mpaka mwisho.

"Mwalimu," akasema. "Immah usimwambie."

Nikasema lazima ajue, la sivyo ataendelea.

Akapumzika kidogo kabla ya kila neno. "Mwambie ni daktari amekataza. Mwambie chochote. Lakini hiyo ya kwamba ni mkono wake... hiyo usimwambie. Mimi nikienda, atabaki nayo peke yake."

Sijamwahidi kitu. Nimesema tu mama, tulia, nyundo inakuja. Mume wa Ndululu simwoni. Nimeita gari la wagonjwa, wakaniuliza jina la barabara, na kichochoro hiki hakina jina.

Kule mwisho wa kichochoro namwona Ndululu akirudi, na mbele yake Immaculate, mtungi mgongoni, maji yanamwagikia sketi. Ameniona. Anaanza kukimbia, na kabla hajafika anauliza kwa sauti, "Madam, nini? Ni nini mum amefanya?"