Soseji za Maharagwe za Sabato

Phanice, uko? Nimelisha watu wa kanisa nguruwe. Mimi! Siku ya Sabato!

Ni zile soseji za maharagwe nilizokuambia. Nilizipika jana kabla jua halijatua, leo nikapasha tu. Ndani ni maharagwe, uyoga na vitunguu. Nyama hakuna hata chembe.

Shida ni ngozi ya nje ya soseji. Nilinunua kwa Oyoo, yule anayetengeneza soseji pale Marani. Nikamwambia nipe ngozi za kujazia, basi. Sikuuliza ni za nini. Nilidhani zinatoka kiwandani kama karatasi.

Sasa hivi amenipigia: "Mama Emmah, yale matumbo ya nguruwe yalitosha?"

Matumbo ya nguruwe, Phanice!

Na huko sebuleni mama mkwe, ambaye hajaonja nyama yoyote tangu abatizwe, anakula ya tatu. Mzee Nyamweya wa kanisa anacheka, "Wala nyama watatuonea wivu!" Mama anamjibu, "Mke wa mwanangu atawafundisha akina mama wote wa kanisa."

Huyo ndiye aliyesema sijui hata kuchemsha maji. Leo ndiyo mara ya kwanza amenisifu. Mara ya kwanza!

Nikinyamaza, Sabato ijayo kanisa zima litapika hivi. Naingia kuwaambia. Niombee.

Nimesema.

Mzee Nyamweya ameweka uma chini. Mama ameomba maji ya kusukutua. Nimempelekea kikombe, akaniambia nikiweke tu mezani, atakichukua mwenyewe.