Mizigo ya Vichwani Iliyotuletea Daraja

Cephas Onyango,
Sanduku la Posta 12,
Macalder.
23 Januari 1966

Mpendwa ndugu yangu Elkanah,

Keti kwanza, omera, kwa maana anayekuandikia si Cephas yule uliyemwacha na kaptula ya viraka. Bahati imenipenda. Wazo moja la kichwa changu limeletea watu wetu daraja, na injinia wa barabara ameniandika kazi ya kudumu, mkubwa wa wahesabuji, kofia juu.

Lakini nisiziruke salamu. Hujambo huko Kampala? Kile kikohozi kimekuachia? Pamela na watoto wanakula wakashiba? Sisi hapa ni wazima. Nyanya analalamika magoti, na shemeji yako Leonida amelima mtama mpaka majirani wananuna.

Kazi yenyewe ilianza hivi. Injinia, Singasinga mmoja kutoka Kisumu, alikuja Desemba akasema serikali ina mbao za daraja moja tu, nalo litajengwa mahali penye wapitaji wengi. Kila kivuko kihesabiwe siku sita, tangu mapambazuko hadi jua kuzama. Kwa vile nilifika darasa la sita, na la saba nikaliona dirishani, nilipewa kivuko chetu: kiti, karatasi, penseli mbili na saa ya mkononi ya kuazima. Kila robo saa natia alama, lori hapa, baiskeli pale, waendao kwa miguu kule. Lori moja huhesabiwa kama motokaa tatu, kwa ukubwa wake na uvivu wake mlimani. Hilo hata ninyi wa Kampala nadhani hamlijui.

Taabu ni kwamba kwetu lori halipiti. Litapitaje, na daraja hakuna? Wapitaji wetu ni miguu mitupu. Na dada yetu Monicah unamjua. Mwaka juzi, uchungu ulipomshika, tulimvusha juu ya kitanda, maji yakimlowesha mgongo. Sasa ni mjamzito tena, na siku zake ni Aprili, mto ukiwa umejaa. Nilikaa kwenye kile kiti nikimwaza yeye.

Siku ya kwanza ilikuwa ya soko. Akatokea mama Nyasuguta, mjane wa mzee Mirumbe, na wanawake kama thelathini nyuma yake. Akauliza ninaandika nini. Nikamjibu kwa madaha kwamba nahesabu watu. Wote wakasimama pale pale. Si unajua wazee wetu wanavyoogopa, mtu au ng'ombe akihesabiwa, kifo kinasikia kisha kinakuja kuchagua.

"Wewe Cephas," akasema, "watoto wa watu unawahesabu kama kuku? Anza na mama yako."

Wakageuka, wakazunguka njia ya juu kwenye mawe. Habari ikaenea. Siku ya pili hata wenye baiskeli walisubiri nigeuze uso ndipo wavuke. Jioni injinia akaja kukagua, akakuta karatasi nyeupe kama shati la Jumapili. Akasema, bila hasira, kwamba karatasi hiyo inamwambia hapa hakuna watu, na kama hali ni hiyo mbao zitakwenda kwingine. Sikula siku hiyo. Mimi, Elkanah, sikula.

Siku ya tatu ndipo likaja wazo: tusihesabu watu, tuhesabu mizigo. Kikapu cha omena, alama. Gunia la muhogo, alama. Mtungi, alama. Asiye na mzigo aliokota jiwe akalitupa kwenye rundo akivuka, nami nikahesabu mawe. Mama Nyasuguta alikubali, tena akapita mara tatu na kikapu kile kile.

"Mama, hiki nimeshakihesabu," nikamwambia.

"Basi hesabu samaki," akanijibu.

Nilimkatalia, maana hesabu ikiongezwa chumvi itatapikwa Kisumu. Siku nne zilizobaki zilitoa mizigo na mawe 1,048. Gawanya kwa nne, ni 262 kwa siku. Msongamano mkubwa ni kati ya saa mbili na saa tatu asubuhi, 61 kwa saa hiyo moja. Kivuko kilichotufuata kilipata 190. Injinia alisoma karatasi mara mbili, akauliza mbona watu wetu ni vikapu. Alipoelezwa, alicheka mpaka akashika kilemba.

Mbao zimefika juzi. Nguzo mbili zimesimama majini tayari, na fundi anaapa atamaliza kabla ya masika. Monicah alikwenda kuzishika kwa mkono, akarudi anatabasamu.

Nisalimie Pamela, watoto, na Dishon mkimwona pale stesheni. Mungu awafunike ninyi nyote, na mkate wenu usipungue.

Ni mimi nikupendaye, hata usipojibu barua,
Cephas Onyango

Elkanah, nimefungua bahasha tena. Pasaka utakuja, watu watakuambia, heri unisikie mimi. Wazo la mizigo ni la Leonida. Aliniletea uji kivukoni akanikuta nimejishika kichwa, akasema maneno matatu tu, "Si uhesabu vikapu." Injinia alipouliza ni akili ya nani, nilikohoa, na mama Nyasuguta akamwonyesha Leonida kwa kidole. Jumatatu Leonida anakwenda Kisegi kufundisha wahesabuji wa huko, na mimi natembea sokoni nikimtaja kwa kila mtu, hata kwa wasioniuliza. Kazi ya kudumu ameandikwa yeye. Mimi sikuandikwa popote. Nilikudanganya.