Saa Zangu Sabini na Mbili

Jumamosi, 8 Februari
Mikono kumi na minane tayari. Imebaki ishirini na miwili. Majoho ishirini ya kwaya, wanayataka Pasaka, mimi nitayamaliza kesho. Cherehani inakwenda kama inateremka mlima. Sijala tangu jana wala sihitaji. Mtaa wetu wote wa Utange umependeza leo. Hata mbuzi wa jirani yangu Bi Rukia wana nyuso nzuri. Nina furaha.

Jumapili, 9 Februari
Sikulala. Usiku wa tatu huu. Kitambaa kiliisha nikakata mapazia. Kisha shuka. Mashati, kwa kila asiye na shati jipya. Bi Rukia kaja na uji, kanitazama, kaweka bakuli chini polepole. Kauliza dawa zangu ziko wapi. Niliziacha Desemba. Mtu mwenye furaha dawa za nini? Kaondoka bila kuaga. Amekwenda kumwita kaka yangu Kahindi, najua. Mwanamke mbeya yule.

Jumatatu, 10 Februari
Hospitali. Naandika kwa penseli, kalamu wamechukua.

Alfajiri nilikwenda barabara kuu na mashati begani. Nikasimama katikati. Nilitaka kuwavisha madereva wa malori. Lori moja lilifunga breki likakaa upande. Nilicheka. Kahindi hakucheka. Kanishika mkono mmoja, Bi Rukia mwingine, tukaingia tuktuk.

Daktari ni binti mdogo, anakohoa. Kanipima, kauliza mengi, kaandika. Nikamwambia sikubali kulazwa. Kasema amenisikia, ila ananilaza kwa dharura kwa sababu ningekufa pale barabarani.

"Ni saa sabini na mbili, Dada Kadzo. Zikiisha, utabaki kwa hiari yako au utakwenda. Nikiona bado uko hatarini, kuna utaratibu mwingine wa sheria, na nitakueleza kabla."

Nikamwambia aandike saa. Kaandika: nne na robo asubuhi. Nami nimeandika.

Kahindi katia sahihi fomu ya maombi mbele ya macho yangu. Msaliti. Simtaki.

Jumanne, 11 Februari
Jana walinidunga sindano. Nililala. Kinywa kikavu. Saa mbili na robo asubuhi: zimebaki hamsini.

Kila nesi akipita namtajia hesabu. Mara ya tano kaitaja yeye kabla sijafungua kinywa. Tukacheka wote wawili. Nikamuuliza kama naruhusiwa kumpigia wakili. Kasema ndiyo, simu ile pale mezani. Sina wakili. Lakini nilifurahi kwamba simu ipo.

Jioni kaja Kahindi. Nikageukia ukuta. Kaketi kitini, nikisikia anavyoliza vidole. Mwisho kasema, "Ulipougua mara ya kwanza, Baba Mdogo alikufunga kamba siku sita. Mimi ndiye niliyelinda mlango. Safari hii nilitaka mtu atakayehesabu saa."

Alipokwenda nilitazama vifundo vya mikono. Alama bado zipo. Nililia hadi nikasinzia.

Jumatano, 12 Februari
Nimelala saa tisa mfululizo. Nimekula wali na maharage, sahani mbili, nikaomba ukoko.

Nimesoma niliyoandika Jumamosi na Jumapili. Herufi kubwa kama za bango, zinapanda juu ya mistari. Aibu. Kisha kicheko. Nimekata shuka zote! Nikirudi nalalia nini?

Kisha nikalikumbuka lile lori. Dereva aliteremka akashika tairi ili asianguke. Sikumwona siku ile. Leo nimemwona. Naogopa. Ni mara ya kwanza naogopa tangu haya yaanze, na nadhani ni dalili njema.

Saa nne usiku nesi kanitajia: kumi na mbili na robo.

Alhamisi, 13 Februari
Tangu saa tatu nilikuwa nimeketi kitandani, nimevaa nguo zangu. Daktari kaja saa nne kasoro kumi. Hakungoja kuitwa. Kanipima upya. Kasema si dharura tena. Anashauri nibaki wiki moja ili dawa ikae sawa, lakini uamuzi ni wangu.

"Mlango?" nikauliza.

Nesi kaufungua, kauacha wazi.

Nikatoka. Nikafika hadi getini. Jua kali, muuza madafu, mwanamke anagombana na mkoba wake uliokatika kamba. Askari kanijibu salamu, hakuuliza kitu. Nilisimama nje ya geti nikacheka peke yangu kama mtoto. Kisha nikageuka, nikarudi kwa miguu yangu, nikaomba fomu ya hiari.

Nimeandika majina yote matatu. Sahihi yangu imenyooka. Sijui kama niliwahi kufurahi hivi nikiwa nimetulia.

Kahindi alikuwa kwenye benchi la nje. Nilimwita. Nikamwambia, "Kaka, njoo ukae ndani." Katoa machozi yeye. Zamu yake.

Ijumaa, 21 Februari
Nimeruhusiwa. Bi Rukia kanipokea kwa vigelegele hadi majirani wakadhani nimeposwa. Nimeomba radhi kwa kumwita mbeya. Hakujua nilimwita hivyo. Sasa anajua. Kacheka hadi kaketi.

Jumapili, 23 Februari
Nimelala hadi saa mbili. Nimekunywa dawa. Kahindi kaja baada ya kanisa, tukaandika karatasi pamoja. Nikiugua tena, aitwe yeye kwanza. Anisemee yale ninayoyataka nisipoweza kusema. Hospitali ileile. Dawa iliyonifaa. Kamba marufuku, na Baba Mdogo aelezwe. Nesi alisema sheria inaniruhusu kumchagua mtu wa kunisemea, na kwamba niandike nikiwa mzima.

Mimi ni mzima. Nimeandika.

Kahindi kaisoma mara mbili, kaikunja, kaitia mfuko wa shati. Kauliza kama kuna mkate wa mayai uliobaki. Vilikuwepo vipande viwili.