Mstari wa Sitini

Kisumu, Jumapili, Agosti 1992

Kaka Ochieng',

Leo Mama amekutambua. Nilitaka nianze na salamu kama tulivyofundishwa shuleni, lakini jambo hili limekataa kungoja. Amekutambua kabla hujamaliza hata mstari wa kwanza.

Acha nirudi nyuma nikueleze vizuri.

Baada ya matanga yako, Pamela alianza kupanga nyumba upya. Mke wako ni mtu wa mpango, unamjua. Baiskeli alimpa mdogo wake, na pleya yako ya santuri akaniletea mimi hapa Kibuye kwa mkokoteni, imefunikwa blanketi kama mgonjwa. Akasema, "Awino, hii imekataa kuongea na mimi siwezi kuitupa. Wewe una mkono wa mashine." Nikamwambia mimi ni fundi wa nguo. "Kwani cherehani si mashine?" Akaenda zake.

Ilikaa miezi mingi chini ya meza yangu ya kukatia. Halafu mvua ikaja, wateja wakapungua, nikaifungua. Ndani nilikuta mende watatu waliokauka, na pini yangu ya nywele. Kumbe ni wewe uliyeichukua.

Nilikumbuka ulivyoringa siku uliponunua pleya hiyo kwa ile familia ya Kihindi iliyokuwa ikihamia Uingereza. "Hii haina mkanda, Awino. Mota imekaa chini ya sahani yenyewe. Hakuna cha kukatika." Na kweli hakuna kilichokuwa kimekatika. Ilikuwa na kiu na uchafu tu. Niliinua sahani nikatia tone moja la mafuta ya cherehani pale inapozungukia. Kitufe cha kuchagua mwendo nilikisafisha kwa spiriti na pamba, nikakisogeza huku na huku mpaka mota ikaacha kusitasita. Ule mngurumo wa nyuki kwenye spika ulitoka kwa waya mwembamba wa ardhini uliokuwa umechomoka. Nikaurudisha, nyuki wakahama. Ule mpira wa juu ya sahani ulikuwa umepasuka, kwa hiyo nimekukatia mwingine wa kitambaa kizito, masalio ya suti ya mchungaji. Sindano nimenunua mpya. Na ile shilingi uliyobandika kwenye mkono wa sindano ili usiruke, nimeitoa. Ilikuwa inazikwangua santuri zako, kaka. Iko kwenye kopo langu la vifungo.

Nikaweka santuri moja kubwa ya kwaya. Ikaimba safi.

Ndipo nikaiendea ile ndogo, uliyoifunga kwenye gazeti ukaiweka chini ya nyingine zote.

Sijawahi kukuambia kwamba siku ile niliuona uso wako. Ulikuwa umetoka Nairobi kurekodi na wenzako wa bendi, na santuri zimekuja, jina lako limeandikwa katikati. Mama alitoka Ahero na jogoo mzima kwa ajili yako. Ukaweka sindano. Gitaa zikaanza kujikokota kama ng'ombe kwenye matope, kisha ikatoka sauti nzito, ya kuchoka. Mama akauliza kwa moyo safi, "Huyu mzee anayeimba ni nani? Wewe utaimba saa ngapi?"

Tulicheka sana. Wewe ulicheka kutushinda. Halafu ukainua sindano ukasema, "Studio imeniharibu." Santuri zote ukazirudisha Nairobi kabla hazijauzwa, ukabakiza hiyo moja. Ukaacha bendi, ukawa karani wa mizigo bandarini. Hata kanisani ulikuwa unachezesha midomo tu. Nilikuwa nakaa nyuma yako, nilijua.

Mama naye alijua. Wakati wa matanga yako aliniambia, tukiwa tumekaa kwenye mkeka, "Mimi ndiye niliyemnyamazisha mtoto wangu." Hakulia alipokuwa anasema. Afadhali angelia.

Sasa sikiliza. Ile santuri ndogo inataka ule mwendo wa kasi, wa arobaini na tano. Nikaubonyeza, bila santuri kwanza, nikainama kuangalia ukingo wa sahani. Unakumbuka ile mistari ya vidoti, na taa ndogo nyekundu inayoimulika? Mwendo ukiwa sawa, vidoti vya mstari wake vinaonekana vimesimama. Nikaona mstari mmoja umesimama kabisa, na wa jirani yake unaogelea. Nikavaa miwani. Uliosimama umeandikwa sitini. Unaoogelea umeandikwa hamsini.

Nikaenda kwa Bwana Kirpal, yule mzee wa redio karibu na soko, nikamweleza. Hata hakuinua kichwa. "Mama, umeme ya Kenya iko hamsini. Sitini iko ya Amerika. Nani alitengeneza hiyo? Hiyo santuri yote itazunguka polepole, itaimba kama mtu mgonjwa."

Kaka, nilikaa kwenye stuli yake. Kwa sababu nilikuwepo. Ilikuwa siku moja kabla Mama hajaja. Ulitaka santuri yako ikute mashine iko tayari, na ule mwendo wa kasi ulikuwa unayumba. Ukafungua chini, ukashika bisibisi, mimi nikashika tochi. Ukasema, "Hapa kuna hamsini na hapa kuna sitini. Hamsini ni alama ya kupita kwa shida. Sisi tunachukua sitini." Nami nikacheka nikasema ndiyo, nyumba yetu hatujawahi kupata hamsini. Ule mwendo wa santuri kubwa hukuugusa, ndiyo maana hizo ziliimba sawa miaka yote, na wewe ukailaumu studio.

Hawakukuharibu. Sauti yako haikuwa na kosa lolote. Tulijipa alama nyingi kuliko tulizostahili, basi.

Nilizungusha ile skrubu uliyoigusa siku ile kidogo kidogo mpaka mstari wa hamsini ukasimama. Kisha nikafunga, na sikuweka santuri. Niliona si haki nikusikie peke yangu. Nikamtumia Mama ujumbe aje.

Leo baada ya kanisa amekaa kwenye kiti changu cha wateja, Pamela amesimama mlangoni. Katikati ya santuri nimeweka kile kiduara cha kuziba tundu lake kubwa, ulichokata kwenye kandambili yangu ya kushoto bila kuniuliza. Bado kinakaa sawasawa. Gitaa zikaja mbio. Halafu ukaja wewe, kijana, unakimbia na maneno kama mtu anayewahi chakula.

Mama akaita, "Ochieng'!" Kwa nguvu, kama anakuita kutoka shambani. Akaangalia mlangoni, kisha akaiangalia pleya. Wimbo ukaisha akasema, "Huyu ndiye. Hata kuimba alikuwa na haraka." Nikamweleza habari ya vidoti na hamsini na sitini. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwa hiyo si mimi?" Nikasema, "Si wewe, Mama. Ni ile mashine, na sisi wawili wenye alama nyingi." Akalia kidogo, akajifuta kwa leso, akasema, "Rudisha tena."

Pamela, ambaye hakuwahi kukusikia ukiimba, alitingisha kichwa. "Kumbe niliolewa na mwimbaji, na miaka yote nampikia karani!" Tumecheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Naye akasikilizishwa.

Basi, kaka, lala. Bisibisi haitaingia tena humo maadamu mimi niko hai, na binti yako akikua kidogo nitamwonyesha mstari wetu ni upi. Jumapili utaimba, siku nyingine utapumzika, santuri isichoke.

Na huko uliko, ukianza kuimba, unikumbuke mimi niliyekushikia tochi.

Dada yako,
Awino