Ripoti ya Baba ya mwaka 1986

Tumu, shoga yangu, uko? Baba leo kaumbuka mbele ya watu!

Si wajua anavyomwonea wivu Mzee Phineas? Tangu 1986, walipokuwa mabawabu wa hoteli moja, mlevi akavunja chupa langoni. Baba hushikilia kuwa yeye ndiye aliyemtuliza, ila Phineas kaandika ripoti kwa Kiingereza, kapandishwa cheo. Baba aliandika yake kwa herufi za Kiarabu alizofunzwa chuo cha Kurani, meneja hakuweza kuisoma.

Hata harusini kwangu alikataa kula naye, Tumu!

Basi leo Phineas kaja hapa kwetu Muyeye na kile kitabu cha matukio walichoandikia ripoti zao. Hotelini walikuwa wanakitupa. Baba kakinyakua: "Leo mtausikia ukweli!" Kavaa miwani, kasoma mwandiko wake mwenyewe, majirani wote masikio:

"Mimi nilikwishainua rungu nimpige. Phineas akanishika mkono. Akampa yule mlevi kiti na maji, akazungumza naye polepole mpaka akalia."

 

Phineas kasema taratibu, "Miaka yote hii nilitaka kujua uliandika nini."

Baba kavua miwani, kanuna: "Hata kalamu yangu mwenyewe ilikuwa upande wako!"