Mbuzi wa Somo la Kumi na Mbili Ametoka Shambani

Dada Rukia,

Kitabu kimetoka. Nimeanza na hilo kwa sababu nakujua. Mtu akikuletea salamu ndefu ulikuwa unamkata katikati, "Haya, wazima wote, sasa sema lililokuleta." Basi lililonileta ni hilo. Kimetoka chote, na mbuzi wa somo la kumi na mbili ametoka shambani. Nacheka peke yangu hapa kwenye meza yako na Nyambu ananitazama kama mama yake amerukwa na akili.

Nyambu ameota meno mawili ya chini. Anauma, wewe. Baba yake bado yuko Ndara na ng'ombe za watu, kwa hivyo usiku ni mimi na mtoto, na mchana ni mimi, mtoto na mashine yako. Nimechoka, sikufichi. Lakini leo uchovu umekaa kando kwanza, nikuhadithie.

Arobaini yako ilipopita, mumeo Kaka Athman alikuja huku chumbani nyuma ya duka lake. Hakuingia, alisimama mlangoni. Akatazama kompyuta, akatazama kiti chako, leso yako ingali imetundikwa pale pale. Akasema kuna mtu wa Mombasa anaitaka mashine, na yeye anahitaji nafasi ya kuweka majora ya vitambaa. Sikumlaumu. Nafikiri ilikuwa inamuumiza kuisikia ikinguruma na wewe hupo. Nikamkumbusha kuhusu kitabu cha Mwalimu Mghanga, vile mzee wa watu alivyozunguka kutoka Mraru mpaka Makwasinyi akikusanya hadithi ili watoto wa darasa la kwanza wasome Kidawida chao, na wewe ukampa neno lako kwamba utamtolea kitabu. Kaka Athman akasema, "Mwalimu anakuja Jumatatu ya mwisho wa mwezi. Akikuta kitabu, mashine inakaa na wewe unakaa nayo. Asipokikuta, Mama Nyambu, utaniwia radhi."

Basi nikabaki na mashine yako, mimi wa Form Two, niliyekuja kwako kupiga taipu tu.

Nilichokuwa nacho ni maneno yako. Kila somo lina faili lake. Ukiandika make, programu hiyo inatazama ni somo gani limeguswa karibuni, inalitengeneza upya hilo peke yake, kisha inaunganisha kitabu kizima. Na ile herufi inayofuata nyuma ya amri, yenye kistari mbele yake, uliiita kiungo. "Make yenyewe ni wali mweupe, mdogo wangu. Viungo ndivyo vinavyosema unapika nini." Ukanifundisha n, ya kuiambia mashine itaje itakachofanya lakini isifanye. Ukanifundisha k, ya kuiambia ikikwama mahali ipaache pale iendelee na kwingine. Ukanifundisha W kubwa, ya kuiambia ijifanye faili fulani limeguswa sasa hivi. Na t ukanionyesha mara moja tu, ukakunja uso. Hiyo inaweka alama kwamba kazi imefanyika na hakuna kilichofanyika. "Hiki kiache jikoni kwa watu waongo."

Siku ya kwanza niliandika make peke yake. Ikaenda kidogo ikagoma kwenye somo la tatu, ikajaza skrini maneno makali, ikasimama. Nikajua basi, kitabu chote kimeoza, na mwenyewe hayupo wa kuulizwa. Nilinyonyesha mtoto kwanza, maana alikuwa analia na mimi nalia, wawili hatuwezi. Halafu nikaandika make na k. Dada, ilipita pale pa kugomea ikaendelea, somo baada ya somo, ikaja kugoma tena mahali pamoja tu karibu na mwisho. Kumbe masomo mabovu yalikuwa mawili, na ubovu wenyewe ni mabano uliyofungua ukasahau kufunga. Uliyaandika wiki ile ya homa. Nikayafunga. Wewe ungeniambia nisilie kwa sababu ya mabano, lakini nililia kidogo, kwa sababu niliona mahali ulipoachia.

Kitabu kikaunganika. Nikakipiga chapa, nikampelekea Mwalimu ajaribu kukisoma. Akakirudisha amefurahi, ila akasema hadithi ya mbuzi imekatika mkia. Mbuzi anaingia kwenye mahindi ya bibi, na somo linaishia hapo hapo. Mistari miwili ya mwisho haimo, ile ambayo bibi anamwita kwa jina lake naye anatoka mwenyewe kwa aibu. "Watoto wangu watalala wakijua mbuzi bado anakula," alisema. Akanisomea hiyo mistari kwa Kidawida, na hapo sikuhitaji msaada wa mtu, bibi yangu alinisimulia hiyo hadithi tangu sijui kufunga vifungo.

Jumatatu yenyewe ikafika. Stima ilikuwa imepotea Jumapili nzima, unaijua Voi. Nyambu alikuwa hajalala kwa ajili ya meno. Nikaja mapema, nikawasha, nikamweka mtoto kwenye leso yangu pale chini, nikaongeza mistari miwili, nikaandika make. Mashine ikajibu kwamba kila kitu kiko sawa, haina la kufanya.

Nikafikiri nimekosea kuandika. Nikarudia. Haina la kufanya. Nikapiga chapa ule ukurasa, na mbuzi yuko shambani. Nikafungua faili, mistari yangu miwili ipo. Nikapiga chapa tena, mbuzi bado anakula. Dukani namsikia Kaka Athman akimwambia yule mtu wa Mombasa aketi, chai inakuja. Alikuwa ameshafika, dada. Na gari lake limeegeshwa hapo nje.

Hapo nikakusikia kabisa. "Usiipige kofi. Iulize." Nikaandika make, na n, na W kubwa pamoja na jina la somo la kumi na mbili. Yaani, kama hili somo lingekuwa limeguswa sasa, ungefanya nini? Nayo ikanitajia vizuri sana, ingetengeneza somo la kumi na mbili, halafu ingeunganisha kitabu. Nikapumua. Njia inaijua. Tatizo ni kwamba haiamini kuwa nimeligusa.

Nikaitisha majina ya mafaili pamoja na tarehe zake. Na hapo nikaona.

Unakumbuka kile kibetri cha ndani kilichokufa, ndiyo sababu mashine ikizimwa inasahau siku? Ndiyo maana uliiwekea iulize tarehe kila inapowashwa, na wewe kila asubuhi ulikuwa unaijibu kabla hujavua viatu. "Mwamkie, umwambie leo ni lini." Nami nimekuwa nikifanya hivyo kila siku tangu uondoke, isipokuwa hiyo Jumatatu. Nyambu alikuwa ameshika nywele zangu kwa mkono mmoja, nikabonyeza Enta nikapita. Basi mashine ikarudia tarehe yake iliyozaliwa nayo, Januari elfu moja mia tisa na themanini. Kwa hesabu yake, mistari ya mbuzi niliiandika nikiwa na miaka sita, sijaanza hata darasa la kwanza.

Nilicheka kwa sauti. Halafu kicheko kikanikatika, kwa sababu niliona na lile jingine. Mafaili yako yote yalikuwa na tarehe za miaka hii hii, na langu ndilo la zamani. Kwa ile mashine, katika hadithi ya mbuzi wewe ndiye uliyekuwa hapa mwisho. Mimi nilikuja na kuondoka zamani, wewe ndiye uliyetoka sasa hivi, na neno lako ndilo la mwisho, hakuna la kuongeza.

Nilikaa hapo na vidole juu ya kibodi. Nikwambie ukweli, nilitamani kuiacha hivyo. Ningeweza hata kuizunguka kwa ile W, ijifanye tu, na wewe ubaki kuwa wa mwisho. Lakini Nyambu akapiga ukelele pale chini, anataka kubebwa, na yeye mwaka huo wa themanini hayumo. Nikambeba. Nikaandika tarehe ya leo kwa mkono mmoja. Nikafungua somo, nikalihifadhi upya, kisha make na n, nione kwanza. Ikataja kazi mbili, zile zile. Nikafuta n. Nikabonyeza.

Ningependa ungeona. Ilikwenda bila kugoma hata mara moja, na printa yako ikaanza kukwaruza ile kelele yake, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka Kaka Athman na mgeni wake wakaja mlangoni kuangalia ni nini. Mwalimu Mghanga akawakuta hapo hapo. Alifunua somo la kumi na mbili, akasoma kwa sauti mpaka mwisho, bibi akaita, mbuzi akatoka. Kaka Athman hajui Kidawida hata kidogo, lakini alikuwa anatabasamu na macho yamemlowa. Akamgeukia mtu wa Mombasa akamwambia amsamehe kwa kumsumbua safari, mashine haiuzwi, ina mwenyewe. Kisha akaingia ndani. Mara ya kwanza tangu uondoke. Akakaa kwenye kiti chako, akamchukua Nyambu, na Nyambu akamuuma.

Sasa amepata mahali pengine pa kuweka vitambaa vyake. Na Mwalimu ameshaleta hadithi za kitabu cha pili.

Leso yako nimeitungua. Usinikasirikie. Nimeifua, nimeikunja, na siku za baridi namfunika nayo mtoto, maana wewe ndiye uliyesema kitu cha kuangaliwa tu kinaliwa na vumbi.

Lala, dada yangu, kazi yako haikugomea njiani. Kitabu chako nitakiunganisha na vinavyokuja nitaviunganisha, na t sitaigusa. Na kila asubuhi, hata Nyambu awe amening'inia kwenye nywele zangu, kabla sijavua viatu nitaiamkia mashine yako na kuiambia leo ni lini.

Mdogo wako,
Wakesho, Mama Nyambu